Msafiri, Barua Zako Pepe Zimekaa Wapi?

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku bila kujiuliza kinakaa wapi. Kitu hicho ni barua pepe, na hasa barua pepe za mtu anayesafiri na kompyuta mpakato, yaani ile kompyuta ndogo ya kubebwa mkobani.

Nianze na kisa cha jirani yangu mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa vya mapazia pale Kariakoo. Mwaka 2019 alikwenda Guangzhou, China, kama alivyozoea. Alizunguka viwandani, akachagua mali, akapatana bei, akalipa sehemu ya fedha. Siku ya kurudi alipanda teksi kwenda uwanja wa ndege, akiwa na masanduku mawili na mkoba wa kompyuta. Masanduku aliyashusha. Mkoba ukabaki kwenye kiti cha nyuma, na teksi ikaondoka.

Aliporejea Dar es Salaam nilikwenda kumpa pole. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, kompyuta ni chuma tu, utanunua nyingine." Akanitazama kama mtu aliyefiwa. Akasema, "Kompyuta siililii. Nalilia barua. Barua zangu zote za miaka sita zimo mle."

Nikamwuliza, "Kwani kwenye seva hazipo?" Akajibu, "Seva gani tena? Barua zangu zilikuwa kwenye kompyuta."

Wiki mbili baadaye muuzaji wa kule China aliandika kudai fedha zilizobaki kabla ya kutoa hati za mzigo. Akataja bei ya dola 50 kwa jora. Jirani yangu anakumbuka vizuri kwamba walipatana dola 41. Majora yalikuwa 400. Tofauti yake, ukipiga hesabu, ni dola 3,600. Barua ya mapatano ilikuwa imeandikwa, imejibiwa, na profoma ilikuwa imeambatishwa. Lakini vyote hivyo vilikuwa vimekwenda na teksi. Nitarudi kwenye mwisho wa kisa hiki baadaye.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la mfanyabiashara, la mwanafunzi, la mtumishi wa shirika, hata la mzee anayefuatilia mafao yake, ni barua pepe. Humo ndimo kuna mapatano, stakabadhi, tiketi, barua za visa, majibu ya maombi ya kazi. Kwa hiyo swali la daftari hilo linakaa wapi si swali la mafundi peke yao. Ni swali la kila mwenye daftari.

Hebu basi tueleze jinsi mambo yalivyo. Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao ilitumwa mwaka 1971 na mhandisi wa Marekani aitwaye Ray Tomlinson. Ndiye aliyechagua ile alama ya @ tunayoiona katikati ya kila anwani. Tangu wakati ule hadi leo msingi haujabadilika sana. Barua unayoandikiwa haiji moja kwa moja kwenye kompyuta yako. Inakwenda kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni inayokupa huduma, ambayo inawaka usiku na mchana. Inakaa pale ikikusubiri.

Sisi huku tunalielewa jambo hili upesi kuliko watu wa nchi ambako tarishi hupita kila mlango. Kwetu barua huenda Posta, inaingizwa ndani ya sanduku lenye namba yako, nawe unakwenda na ufunguo. Seva ndiyo Posta. Anwani yako ndiyo namba ya sanduku. Nywila ndiyo ufunguo.

Sasa, mwenye sanduku anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kwenda Posta, kulimaliza sanduku lote, na kubeba barua nyumbani. Sanduku linabaki tupu. Nyumba ikiungua, barua zimeungua. Utaratibu wa namna hiyo katika kompyuta unaitwa POP, na ulianza mwaka 1984. Programu ya kompyuta inazichukua barua kutoka kwenye seva, inaziweka ndani ya diski yako, na mara nyingi imeagizwa kuzifuta kule zilikotoka.

La pili ni kuziacha barua zikae Posta. Unakwenda kuzisoma palepale, na ukipenda unabeba nakala tu. Utaratibu huu unaitwa IMAP. Aliyeubuni ni Mark Crispin, mwaka 1986, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Hapa asili inabaki kwenye seva, na kompyuta yako, simu yako na kompyuta ya ofisini zote zinaonyesha kitu kilekile.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini basi watu walitumia ule utaratibu wa kwanza? Walikuwa na sababu nzuri. Zamani nafasi kwenye seva ilikuwa ghali, na muda wa kuunganishwa kwa njia ya simu ulilipiwa kwa dakika. Hotmail ilipoanza mwezi Julai 1996, ikawa miongoni mwa huduma za mwanzo za barua pepe ya bure inayofunguliwa kwa kivinjari popote duniani, nafasi aliyopewa mtu ilikuwa megabaiti 2. Leo picha moja ya simu inaweza kuzidi kiasi hicho. Ilipofika tarehe 1 Aprili 2004 Gmail ilitangaza gigabaiti 1 kwa kila mtu, na wengi wakadhani ni mzaha wa siku ya wajinga. Haukuwa mzaha.

Lakini mazoea ya zamani hayakufa. Makampuni mengi madogo yana anwani zenye jina la kampuni, kwenye seva ya kukodi yenye nafasi finyu. Fundi anakuja, anaweka POP ili seva isijae, anapokea ujira wake, anaondoka. Mwenye kampuni hajui kilichofanyika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu. Tangu mwaka 2013 kompyuta yake ilikuwa inalimaliza sanduku kila asubuhi, na yeye akiamini barua zipo "kwenye intaneti".

Wewe nawe utajuaje? Jaribio ni rahisi na halina gharama. Nenda kwenye kompyuta nyingine, ya mwanao au ya ofisini. Fungua barua zako kwa kivinjari, siyo kwa ile programu uliyoizoea. Kisha tafuta barua ya mwaka juzi. Ukiipata, asili yako iko kwenye seva. Usipoipata, ujue kila kitu kiko ndani ya ule mkoba unaoubeba. Usiishie hapo. Tazama pia barua ulizotuma wewe. Kwa wanaotumia POP, barua zilizotumwa hubaki ndani ya kompyuta iliyozituma, na kwenye seva huzikuti hata kama zile zilizoingia zipo. Na katika ugomvi wa biashara, mara nyingi barua uliyotuma wewe ndiyo ushahidi wako.

Ukigundua kwamba uko upande wa POP, mwite fundi na umwambie waziwazi, "Nataka IMAP, na barua zangu za zamani uzipandishe kwenye seva." Kama nafasi haitoshi, nunua zaidi. Linganisha bei hiyo na zile dola 3,600.

Sasa ndugu wasikilizaji, wengi mtasema, "Mimi natumia Gmail, au Yahoo, au Outlook ya mtandaoni. Barua zangu ziko kwenye seva, nazisoma kwenye simu na kwenye kompyuta. Nimesalimika." Hapo ndipo penye kosa la pili, na ni kosa la watu wanaojiona wajanja. Barua inayoonekana kwenye simu, kwenye kompyuta ya mkobani na kwenye ya ofisini si barua tatu. Ni barua moja inayoonekana kwenye vioo vitatu. Ukiifuta kwenye simu, inatoweka kwenye vioo vyote, na kwenye seva vilevile. Mafundi huita jambo hili kusawazisha. Kusawazisha kunakurahisishia kazi, lakini si kuweka akiba.

Chukua mfano. Uko safarini, simu inakuambia nafasi imejaa. Kwa akaunti ya kawaida ya Google nafasi ya bure ni gigabaiti 15, na hiyo ni ya barua, picha na mafaili kwa pamoja. Ikijaa kabisa, barua mpya haziingii tena, na wanaokuandikia wanarudishiwa. Unapata wasiwasi, unaanza kufuta zile kubwa. Zile kubwa ndizo zenye viambatisho, na viambatisho ndivyo mikataba na hati. Katika Gmail barua iliyofutwa hukaa kwenye tupio siku 30, kisha inaondoka moja kwa moja. Wewe ulikwenda safari ya miezi miwili. Ukirudi unatafuta, hakuna. Kompyuta ya nyumbani uliyoitegemea nayo imesawazishwa siku ileile ulipoiwasha.

Au mwizi wa nywila ameingia katika akaunti yako. Anafuta kila kitu ili usione alichowaandikia jamaa zako. Vioo vyote vinaonyesha utupu.

Au kampuni yenyewe inakosea. Msidhani hili haliwezekani. Mwishoni mwa mwezi Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail waliamka na kukuta masanduku yao matupu. Google ilieleza kwamba hitilafu ilitokana na mabadiliko ya programu ya kuhifadhia, na kwamba waliopatwa ni karibu asilimia 0.02 ya watumiaji. Ni sehemu ndogo, lakini kwa aliyepatwa ni asilimia 100. Google ilikuwa na nakala zaidi ya moja katika vituo vyake, lakini hitilafu ile iliziathiri nakala kadhaa kwa pamoja. Kilichowaokoa ni kanda za sumaku, zile kama za kaseti, zilizokuwa zimewekwa kando bila kuunganishwa na mtandao. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda hizo.

Hebu tulifikirie hilo. Kampuni tajiri kuliko nchi nyingi, yenye wahandisi maelfu, iliokolewa na nakala iliyokuwa imewekwa kando. Haikuokolewa na vioo. Iliokolewa na ghala. Na sisi tunahitaji ghala letu, hata likiwa dogo.

Ghala hilo linajengwaje? Kuna kanuni moja ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kupitia kitabu chake cha mwaka 2005 kwa ajili ya wapiga picha, na leo mafundi wa kompyuta wanaifuata dunia nzima. Inaitwa tatu, mbili, moja. Uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine. Kwa msafiri wa kawaida hesabu yake ni hii: nakala ya kwanza ni ile ya seva. Ya pili iko kwenye kompyuta. Ya tatu iko kwenye diski ya nje, na diski hiyo haisafiri. Inabaki nyumbani kwenye sanduku, au kwa dada, au ofisini. Diski ya akiba iliyowekwa katika mkoba mmoja na kompyuta si akiba. Mkoba ukienda, zimekwenda zote mbili.

Sasa njia za kuzitoa barua. Wenye Gmail wana huduma ya Google iitwayo Takeout, iliyoanza mwaka 2011. Unaingia, unachagua barua peke yake, unaagiza. Google inakusanya barua zako zote katika faili na kukutumia kiungo cha kulipakua. Angalieni jambo moja: kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa au hata siku, na kiungo chenyewe hakidumu; baada ya kama wiki moja kinakufa. Kwa hiyo usiianze usiku wa kuamkia safari. Faili unalopata ni la aina iitwayo mbox, nalo huweza kusomwa kwa programu kama Thunderbird.

Thunderbird hiyo ni programu ya bure, na inafaa kwa barua za kampuni yoyote. Unaiunganisha na akaunti yako kwa IMAP, unaiagiza ipakue barua nzima na siyo vichwa vya barua tu, kisha unazinakili kwenda kwenye folda zilizo ndani ya kompyuta yenyewe. Nasisitiza, unazinakili. Usizihamishe, maana ukizihamisha zinaondoka kwenye seva na umerudi kulekule kwa POP. Ukimaliza, funga programu, uchukue folda lake lote na kulinakili kwenye diski ya nje. Wanaotumia Outlook ile ya zamani ya kompyuta wanaweza kuzitoa barua katika faili la aina ya PST. Msichanganye na lile la OST ambalo programu hujitengenezea yenyewe. Hilo ni kioo kingine tu.

Fanya kazi hii mara moja kwa mwezi, na kila mara kabla ya safari. Halafu, na hapa wengi wanashindwa, jaribu kuifungua nakala yako. Ichomeke diski kwenye kompyuta nyingine, tafuta barua moja ya zamani, fungua kiambatisho chake. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini, si akiba. Nimeona ofisi iliyonakili kwa miaka miwili kwa bidii, na siku ya shida ikakuta kwamba kilichonakiliwa ni majina ya mafolda matupu.

Ndugu wasikilizaji, hadi hapa tumezungumza juu ya kutunza. Lakini msafiri ana shida nyingine: kuzifikia barua zake akiwa njiani. Barua iliyotunzwa vizuri Dar es Salaam haikufai kitu ukiwa umesimama mbele ya afisa wa uhamiaji na mtandao hakuna.

Na mtandao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na watu wa Tanzania na majirani zetu kadhaa wakakaa na intaneti ya kuchechemea au bila intaneti kabisa. Kuna watu siku ile walikuwa na tiketi ndani ya barua pepe na hawakuweza kuzifungua. Dawa yake ni ya kizamani. Barua tano au kumi ambazo safari hii inazitegemea, kama vile tiketi, barua ya visa, hoteli, mwaliko na profoma, zihifadhi kama mafaili ndani ya kompyuta na ndani ya simu, na zile muhimu kabisa zichape kwenye karatasi. Karatasi haihitaji chaji. Aidha, wenye Gmail wanaotumia kivinjari cha Chrome wanaweza kuwasha huduma ya kusoma bila mtandao, ambayo huweka ndani ya kompyuta barua za siku 7, 30 au 90 zilizopita.

Kuna pia nchi ambazo mtandao upo lakini mlango wako umefungwa. Wafanyabiashara wetu waendao China wanalijua hili. Gmail imezuiwa huko tangu mwaka 2014. Kwanza ulizibwa mlango wa kivinjari, na mwishoni mwa mwezi Desemba mwaka huo hata njia za POP na IMAP zikazibwa. Mtu anafika Guangzhou, anaunganisha waifai ya hoteli, anangojea barua ya mwenyeji wake, nayo haifunguki. Wengine hutumia laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje, ambayo kwa kawaida hupitisha mawasiliano kwenye mtandao wa nyumbani na hivyo barua hufunguka, ila gharama yake iulizwe mapema. La busara ni kumwuliza mwenyeji kabla ya kuondoka ni anwani ipi inapokelewa kule, na kuwa na barua muhimu ndani ya kompyuta tayari.

Tena kuna siku ambapo hata kompyuta yenyewe hairuhusiwi kukaa nawe. Mwezi Machi 2017 Marekani ilizuia abiria wa ndege zilizotoka katika viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini, vikiwemo Dubai na Doha ambako wasafiri wetu wengi hupitia, wasiingie na kompyuta mpakato ndani ya ndege. Ziliwekwa chini na mizigo. Amri ile iliondolewa mwezi Julai mwaka huohuo, lakini somo limebaki: usipange safari kana kwamba wewe na kompyuta yako hamtatengana.

Tuje kwenye ufunguo. Siku hizi nywila peke yake haitoshi. Ukijaribu kuingia kutoka nchi ya kigeni, kampuni inakushuku na kukutumia namba ya siri kwenye simu yako. Ni jambo jema, maana linamzuia mwizi. Lakini je, kama laini yako ya nyumbani umeiacha kabatini na kununua laini ya kule? Au simu ndiyo iliyoibwa? Umefungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe, na ufunguo uko ndani. Hii ndiyo shida inayowapata wasafiri wengi, na dawa yake wachache wanaijua. Google, kwa mfano, hukuruhusu kuchapa orodha ya namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja. Zichape kabla ya kuondoka. Karatasi moja iweke pamoja na pasipoti, nyingine mwachie mtu unayemwamini nyumbani. Usiiweke ndani ya mkoba wa kompyuta.

Na mkoba ukiibwa, usikimbilie kulia. Tafuta simu au kompyuta ya mtu unayemwamini, ingia katika akaunti, badilisha nywila, kisha uagize vifaa vingine vyote vitolewe nje ya akaunti. Ufanye hivyo kabla ya kwenda polisi, kwa sababu mwizi mwenye kompyuta iliyo wazi anaweza kuwaandikia wateja wako kwa jina lako na kuwapa namba ya akaunti ya benki ya kwake. Ili asipate nafasi hiyo, washa mapema ulinzi wa kuifunga diski yote kwa nywila. Kompyuta za Apple na nyingi za Windows zinao. Ufunguo wa kurejesha utakaopewa uandike mahali pengine, maana ukiupoteza, na wewe mwenyewe hutaingia.

Jambo moja dogo kwa wale wenye akaunti za zamani wasizozigusa. Mwezi Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na kazi hiyo ilianza mwezi Desemba mwaka huo. Kama una akaunti yenye barua za marehemu mzazi au vyeti vya masomo, ingia leo, uzitoe, uziweke ghalani.

Mtasema, bwana huyu anatutaka tuwe mafundi. La hasha. Hesabuni wenyewe. Kabla ya safari, jaribu kufungua barua kwa kivinjari kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Nakili barua kwenye diski na uiache nyumbani. Fungua nakala hiyo uone kama inasomeka. Hifadhi zile barua tano au kumi ndani ya simu na kwenye karatasi. Chapa namba za akiba. Ukishazizoea, kazi zote hizi tano, ukiondoa muda wa kungojea mafaili yanakiliwe, hazizidi jioni moja. Tunatumia muda zaidi ya huo kufunga masanduku ya nguo.

Sasa nimalize kisa cha jirani yangu. Kontena lilikuwa njiani, na alijua kwamba likifika bandarini bila hati, gharama za kuhifadhi mzigo zitaanza kuhesabiwa. Nilimshauri awaombe watu aliowahi kuwaandikia wamrudishie barua. Ni njia ambayo wengi huisahau: barua uliyoipoteza wewe huenda imehifadhiwa na uliyemtumia. Wakala wake wa forodha alikuwa nazo kumi na moja. Benki ilikuwa nazo mbili. Binti yake anayesoma Nairobi alikuwa na moja yenye picha za majora. Lakini ile ya bei ilikuwa kati yake na muuzaji peke yao, na muuzaji alisema haioni.

Akalipa dola 50 kwa jora. Kontena likatoka. Mapazia yakauzwa bila faida msimu ule mzima, na kijana mmoja wa dukani akasimamishwa kazi kwa sababu mshahara wake haukupatikana.

Siku hizi jirani yangu bado anasafiri. Juzi nilimkuta barazani kwake, siku mbili kabla ya kuondoka, amekaa na mkewe, diski imechomekwa kwenye kompyuta ya kijana wao. Anafungua barua za zamani moja moja, anasoma kwa sauti, na mkewe anatia alama kwenye karatasi. Diski hiyo haendi nayo. Inakaa kwa mkewe, ndani ya kabati la vyombo, na mkewe ndiye mwenye ufunguo.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Tukutane tena wiki ijayo, siku kama ya leo na saa kama hii. Mnaosafiri, nawatakia safari njema. Kwaherini.